Kopo la Waongo

Kiomboi,
3 Juni 2024

Kwa Asnath,

Barua yako imefika. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu na ninairudisha pamoja na hii ili uone mahali ulipokosea. Mtu aliyefanya kazi ya uuguzi mpaka akastaafu, akiandika majina ya dawa bila kukosea, hawezi kushindwa kuweka nukta mwishoni mwa sentensi.

Unaniuliza kwa nini nalitaka jiwe la baba. Sikusema nalitaka. Niliagiza lije lipimwe. Unajua kwamba hapa Iramba hakuna mtu mwingine anayekusanya vito kwa ajili ya kuvijua tu, bila biashara, na mwenye lenzi, kibano na subira ya kazi hiyo. Watu hutoka Shelui na Nzega kuja kukaa sebuleni kwangu na kungoja niwaambie walichonacho. Wengine huondoka wakifuta machozi. Hilo si kosa langu.

Mwezi wa Septemba ukoo utakaa hapa Kiomboi kumaliza mambo ya marehemu baba. Siku ya mazishi ulitamka mbele ya wazee kwamba baba alikupa yakuti ya buluu kwa mkono wake. Tangu siku hiyo wazee wananiuliza kama ni kweli, nami siwezi kuwathibitishia jambo ambalo sijalipima.

Nikwambie ninavyofikiri. Baba alichimba Sekenke ujana wake wote. Dhahabu aliijua, vito hakuvijua. Mtu angeweza kumpa kipande cha chupa ya dawa kilichosuguliwa na mchanga wa korongo, naye angekifunga kwenye kitambaa na kukiita mali. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, usilie. Kwangu lipo kopo ambalo wageni hulipenda kuliko hata kabati lenyewe. Naliita kopo la waongo. Kila jiwe la bandia lililowahi kuletwa kwangu limo humo, na kila moja lina lebo ya karatasi: jina la aliyelileta na mahali anapokaa. Nafasi yako ipo.

Mpe jiwe kondakta wa basi la asubuhi. Lifunge vizuri.

Kaka yako,
Ezekieli


Unyambwa,
11 Juni 2024

Kaka, shikamoo.

Nimepokea barua yako, na ile yangu iliyorudi ikivuja damu. Nukta nimeziona zote. Shemeji yako aliiona mezani akadhani ni majibu ya maabara.

Huku hatujambo. Alizeti tumeshavuna, tunangoja zamu ya kukamua. Mguu wa shemeji yako unamsumbua asubuhi, ukipata jua unatulia.

Jiwe sitalituma, kaka. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Baba aliponipa aliniambia, "Lisitoke mkononi mwako mpaka unizike, na ukishanizika lisitoke vilevile." Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa, nikamwinua, nikampa maji. Unakumbuka kwamba nilikuomba umpokee wewe, kwa kuwa hospitali ya Kiomboi iko karibu na kwako. Ukasema chumba cha wageni kina kabati la vito, na chumba chenye kabati hakifai kwa mgonjwa anayekojoa kitandani. Basi nikamleta kwangu, nikamwosha na kumgeuza mpaka alipotutoka. Sikulaumu. Nakukumbusha tu jinsi jiwe lilivyofika huku.

Lakini na mimi nataka kujua. Kila nikilishika najiuliza kama baba alijua anachonipa, au alikuwa anampoza tu mtu aliyekuwa akimfulia mashuka. Hilo ndilo linalonitia hofu. Kopo lako silihofii sana.

Kwa hiyo nifundishe kulipima mwenyewe. Kila utakaloandika nitalifuata. Nimeshaanza: nililisugua kwenye chupa ya soda, likaacha mstari. Je, hiyo ni dalili njema?

Mdogo wako,
Asnath


Kiomboi,
20 Juni 2024

Kwa Asnath,

Umekataa kutii, halafu ukaomba kufundishwa. Ulikuwa hivyo hata darasa la tatu.

Mstari ulioona kwenye chupa hauthibitishi chochote. Umejuaje kuwa chupa ndiyo iliyokwaruzwa? Huenda jiwe lako ndilo lililomomonyoka na kuacha unga wake. Ulipitisha kidole kilicholowa maji juu ya mstari ule? Hukupitisha. Umejuaje kama chupa yenyewe ni ngumu au laini? Hujui. Umeanza na usichokijua, kwa kutumia usichokijua, ukapata usichokijua.

Shika kanuni hii na usiiache maisha yako yote: katika kila jaribio, kinachojulikana hutangulia, kisichojulikana hufuata. Kwanza jaribu jiwe ambalo ukweli wake umekwisha kuthibitika. Ukiona linavyofanya, ndipo ujaribu lile lenye mashaka. Jiwe hilo la kwanza huitwa jiwe la kulinganishia. Asiyekuwa nalo hapimi, anacheza.

Wewe huna. Kwa hiyo ninakutumia langu. Ni ile yakuti ya Tunduru iliyo katikati ya rafu ya juu, ambayo fundi wa Arusha aliikata nyuso zote bila kuacha kasoro. Umeiona kwa nyuma ya kioo tu; hukuwahi kuruhusiwa kuigusa. Mchungaji Laurian anakwenda Singida kwenye mkutano wa kanisa, atapitia kwako Unyambwa na kuikabidhi mkononi mwako ikiwa ndani ya kiberiti kilichoshonewa kitambaa. Iweke kando ya hilo lako mchana, dirishani, mahali jua lisipopiga moja kwa moja. Nataka uone kito ni kitu gani. Nataka uone aibu kwa macho yako kabla wazee hawajaiona kwa macho yao.

Sina wasiwasi kuituma. Katika maisha yako hukuwahi kufanya jambo ambalo hukuagizwa.

Ezekieli


Unyambwa,
2 Julai 2024

Kaka, shikamoo.

Mchungaji Laurian alifika salama na kiberiti chako. Alikataa chai mpaka nikifungue mbele yake ahakikishe kuwa jiwe limo. Tulipofungua alisema, "Bwana asifiwe," akavuta kiti.

Ni zuri, kaka. Nakiri. Linawaka kila pembe hata ukilishika vibaya.

Nimefuata kanuni. Nimeanza na lako: likakwaruza chupa, nikapitisha kidole kilicholowa, mstari ukabaki. Kisha la baba: likakwaruza chupa ileile, nikapitisha kidole, mstari ukabaki. Nimepumulia lako, ukungu ukaondoka upesi. Nimepumulia la baba, ukaondoka upesi vilevile. Nimeyagusisha yote mawili mdomoni. Yote yana baridi.

La baba halijakatwa, kwa hiyo haling'ai kama lako. Lina umbo la kidole gumba na ngozi yake ni ya kufifia. Lakini nilipolielekeza kwenye mwanga nililiona ndani lina buluu ya mawingu yanayokuja kutoka Mkalama. Nilikaa pale dirishani mpaka shemeji yako akaniuliza kama nimepata habari za msiba.

Kaka, nakuomba kitu kimoja tu. Kama majaribio haya yanatosha, siku ya kikao simama useme kwa kinywa chako kwamba baba alimpa Asnath yakuti ya kweli. Nikisema mimi ni maneno ya mwanamke anayejipendelea. Ukisema wewe, imekwisha. Sitaomba tena kitu kwako.

Jiwe lako nitalirudisha ukiniambia nimefaulu.

Mdogo wako,
Asnath


Kiomboi,
9 Julai 2024

Kwa Mzee Gaspari, Manyoni,

Natumaini macho yako bado yanaweza kusoma. Ninakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee wa rika letu anayekusanya mawe, japo kwa bahati mbaya ulipaswa kuendelea na kazi ya ustesheni masta.

Nikuambie jambo la kuchekesha. Unamjua dada yangu Asnath wa Unyambwa. Baba alimwachia jiwe la buluu. Siku ya mazishi alinishikisha jiwe hilo mbele ya wazee, nami sitoki nyumbani bila lenzi. Nililitazama kwa muda mfupi tu, lakini ulitosha. Ndani yake kuna zile nyuzi nyembamba kama hariri, zimepishana kama zilivyofumwa na Mungu. Hakuna kioo chenye hizo. Ni yakuti, Gaspari, na ni kubwa. Ikikatwa vizuri itaonyesha nyota. Ile yangu ya Tunduru ikiwekwa kando yake ni kifungo cha shati. Niliwarudishia wazee nikasema, "Linahitaji kuchunguzwa."

Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, na mimi ndiye ninayejua vito. Baba aliniachia tochi.

Nilitaka alitume nilishike, amekataa. Basi, kama halitakaa katika kabati langu halitakaa katika meza ya yule mwanamke likizungushwa kwa wageni kati ya chumvi na sukari. Unajua imani ya vijana wa machimboni, kwamba kito halisi hakivunjiki kwa nyundo. Wameponda mawe mangapi mazuri kwa ujinga huo, halafu wakatupa vipande wakisema ilikuwa chupa! Ugumu wa kukwaruza si ugumu wa kupigwa. Mimi na wewe tunajua. Asnath hajui. Nitamwagiza nyundo. Atalivunja kwa mkono wake mwenyewe, ataamini lilikuwa chupa, na lebo yake itaingia kwenye kopo kabla ya Septemba.

Usimwonee huruma. Aliambiwa alitume.

Ezekieli


Manyoni,
17 Julai 2024

Mkaguzi wa shule mstaafu, salaam.

Macho yangu yamesoma mpaka mwisho, kisha yakataka kurudi mwanzo kuhakikisha kama aliyeandika ni mtu niliyesoma naye.

Umefikiria vizuri? Huyo ni tumbo moja na wewe. Na jiwe lenye hariri ndani ni kitu ambacho mimi na wewe tumekitafuta tangu tukiwa na nywele. Ungeweza kwenda Unyambwa, ukakaa, ukanywa chai, ukaliangalia kadiri upendavyo, ukarudi nyumbani ukiwa na furaha. Nauli ya basi siyo kubwa. Lakini najua utasema nimelainika kama yale mawe yangu.

Kwa kuwa umetaja kopo, na mimi nikuambie jambo la kuchekesha. Mjukuu wangu Witness alipita kwako Pasaka na wanakwaya wenzake. Ukawaonyesha kopo. Akasoma kwa sauti, "Gaspari, Manyoni, chupa ya bia," na wote wakacheka, naye akacheka nao kwa sababu hakujua la kufanya. Aliporudi aliniuliza, "Babu, ni wewe?" Nikamwambia wapo akina Gaspari wengi Manyoni.

Jiwe lile nilikuletea nikiwa na mashaka, nikakuomba uniambie tukiwa wawili.

Mwishoni mwa mwezi huu nakwenda Singida kupimwa macho. Usiagize nyundo, Ezekieli. Nakuomba mara hii moja.

Gaspari


Kiomboi,
22 Julai 2024

Kwa Asnath,

Majaribio yako nimeyasoma. Kwa mwanzo si mabaya, ila hayatoshi. Siku hizi kuna vioo vigumu na mawe ya kutengenezwa kiwandani yanayokwaruza chupa na kuwa na baridi mdomoni. Limebaki jaribio moja la mwisho, ambalo kwa kawaida silifundishi kwa wasiokuwa na ujuzi. Nakufundisha kwa sababu umeonyesha utii, na kwa ajili ya heshima ya marehemu.

Jiwe huwekwa juu ya chuma au jiwe la kusagia, likafunikwa kitambaa, likapigwa kwa nyundo mara moja, kwa nguvu zote, bila kusita. Yakuti halisi haidhuriki. Kioo husagika. Hakuna shaka inayobaki baada ya hapo.

Likipona, nitasimama mbele ya ukoo na kusema maneno yaleyale uliyoniomba niseme. Ukikataa kulipiga, nitasimama vilevile, na nitasema kwamba Asnath aliogopa nyundo kwa sababu anajua alichonacho. Wazee wataelewa. Wataelewa pia baba alikuwa na akili gani mwishoni, na ni nani aliyekuwa akimlisha maneno.

Chagua.

Ezekieli


Unyambwa,
31 Julai 2024

Kaka, shikamoo.

Barua yako ilinikuta najiandaa kwenda kanisani. Sikwenda.

Nina maswali mawili, uniwie radhi. La kwanza: kama yakuti haidhuriki, kitambaa ni cha nini? La pili: hivyo ndivyo ilivyo kwa yakuti zote, au kwa baadhi? Maana nikishapiga hakuna kurudi nyuma.

Nakuomba uandike upya kwa mkono wako, kwa ufupi, na uweke saini na tarehe, kama ulivyokuwa ukiwafanyia walimu wakuu. Nikiwa na karatasi hiyo nitapiga bila kusita.

Mdogo wako,
Asnath


Kiomboi,
6 Agosti 2024

Kwa Asnath,

Kitambaa ni cha kuzuia jiwe lisiruke likapotea uvunguni. Swali la pili ni la kitoto, lakini nalijibu:

Mimi, Ezekieli, mkusanyaji na mpimaji wa vito, nathibitisha kwamba yakuti yoyote iliyo halisi haivunjiki kwa nyundo, na kwamba jiwe lolote litakalovunjika kwa jaribio hilo ni la bandia.

Nimeandika, nimetia saini. Usinisumbue tena mpaka uwe na matokeo. Vipande uvilete kwenye kikao. Lebo yako nimekwisha kuiandika, naona hati yake imependeza.

Ezekieli


Unyambwa,
14 Agosti 2024

Kaka, shikamoo.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nililitoa jiwe la kusagia la marehemu mama, lile lililokuwa jikoni Kiomboi, nikaliweka uani. Mchungaji Laurian nilimwomba aje awe shahidi, akaja. Shemeji yako alileta nyundo ya kugongea vigingi vya mbuzi. Nilimsomea mchungaji karatasi yako yenye saini, mara mbili, ili baadaye asiseme hakusikia.

Kisha nikafuata kanuni uliyoniambia nisiiache maisha yangu yote. Kinachojulikana hutangulia, kisichojulikana hufuata. Kwa hiyo nilianza na jiwe la kulinganishia.

Nilipiga mara moja, kwa nguvu zote, bila kusita. Kitambaa kilifaa sana, hakuna kilichoruka. Tulipokifunua, mchungaji alisema, "Mama Asnath, nipe maji." Hakikubaki kipande kikubwa kuliko punje ya mtama. Vingine vimekuwa unga, na unga wake hauna buluu kabisa, ni mweupe kama chumvi. Hilo sikulijua.

Pole sana, kaka. Naelewa uchungu wa mtu aliyekaa na chupa miaka yote ile katikati ya rafu ya juu, akiwaonyesha watu. Nawe uliandika kwa mkono wako kwamba hakuna shaka inayobaki. Vipande vyote nimevikusanya kwa unyoya wa kuku ili kisipotee hata kimoja. Nimevitia kwenye kiberiti kilekile, mchungaji atavileta. Naomba viingie kwenye kopo, na ili usisumbuke lebo nimeiandika mwenyewe: "Ezekieli, Kiomboi." Nukta ipo mwishoni.

Septemba nitakuja na ile karatasi. Wazee wakiuliza, tutawasomea. Kama utapenda kusimama na kuwaambia kwamba jiwe lako lilikuwa la kweli na kwamba uliyoyaandika ndiyo yaliyokuwa ya uongo, nitakupisha useme. Utachagua mwenyewe.

Nilisahau kukupa salamu. Mzee Gaspari alipita hapa akitoka kupimwa macho, siku moja kabla sijakuandikia kuomba saini. Alikunywa chai, akatazama jiwe kwa lenzi mpaka chai ya pili ikapoa, akaniambia habari za hariri. Halafu akatoa mfukoni barua moja ya hati yako, akaniachia. Sikuisahihisha.

La baba bado sijalipima. Nangoja maelekezo yako.

Mdogo wako mtiifu,
Asnath